Pombe Kali Ikitiwa Soda Haigeuki Juisi

Safari hii katika ukurasa wetu wa afya nataka tuzungumze juu ya kinywaji kilichoingia vijijini kimya kimya. Kimeingia kwa jagi, kwa ndoo na kwa chupa ya soda. Kinaonekana kwenye harusi, kwenye ngoma, kwenye sikukuu na baada ya mavuno. Kinywaji hicho ni pombe kali iliyotiwa kitu kitamu.

Watu hukichanganya kwa njia nyingi. Wengine hutia konyagi ndani ya soda ya machungwa. Wengine hutia jini ndani ya juisi ya embe au ya ukwaju. Wengine huchukua gongo wakaitia tangawizi, sukari na ndimu. Vijana hupenda kutia pombe kali ndani ya vile vinywaji vya kopo vinavyoitwa vya kuongeza nguvu. Mjini, katika hoteli, mchanganyiko wa namna hii huitwa kokteli. Huwekewa barafu na kipande cha ndimu, na bei yake ni kubwa. Kijijini mara nyingi huitwa juisi tu. Hapo ndipo shida inapoanza.

Maoni yangu nayasema wazi tangu mwanzo. Pombe kali iliyofichwa ndani ya utamu ina hatari kubwa kuliko pombe kali inayojulikana kwa ukali wake. Kwa hiyo kila kijiji kinapaswa kukaa na kupatana jinsi ya kuilinda jamii, hasa watoto, kabla ya msimu mwingine wa harusi.

Najua mimi ni kijana. Kazi yangu ni kusaidia wagonjwa katika zahanati ya kijiji, na elimu yangu ni ya cheti. Baba zangu na mama zangu mnaosoma ukurasa huu mliona sherehe nyingi kabla sijazaliwa. Mzee mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, sisi tumekunywa pombe tangu zamani na bado tupo." Nilimsikiliza kwa heshima, na sina sababu ya kumbishia. Lakini pombe anayoisema mzee ni ulanzi, mbege, tembo la mnazi au pombe ya mtama. Pombe hizo ni za kuchachua. Zinajaza tumbo, na mnywaji anajua anachokunywa. Hata hizo zina madhara yake. Lakini kinywaji ninachokizungumzia leo ni kitu kingine kabisa.

ULIMI NI MLINZI

Mungu ametupa ulimi. Ulimi ni mlinzi wa mwili. Chakula kikioza, ulimi hukitema. Dawa ikiwa chungu, ulimi husema, "Ngoja, hiki ni nini?" Pombe kali ikigusa ulimi na koo, huunguza. Mtu hukunja uso. Hunywa kidogo, hupumzika, hunywa tena. Mtoto akionja, hutema na kulia.

Sasa tia sukari. Tia soda. Tia juisi ya embe. Pombe imebaki palepale, hata tone moja halijaondoka. Kilichoondoka ni onyo. Mlinzi amepewa rushwa, akalala. Mtu hunywa glasi nzima kama anayekata kiu ya jua. Anaongeza ya pili, na ya tatu, kabla ile ya kwanza haijaanza kufanya kazi kichwani. Pombe iliyonywewa huchukua muda kuingia yote katika damu. Kwa hiyo mtu anapoanza kusema, "Naona kichwa chepesi," tayari ana glasi nyingine tumboni ambazo hazijafika kichwani.

Wahenga walisema ukimwona simba amenyeshewa, usidhani ni paka. Pombe kali iliyotiwa soda ni simba aliyenyeshewa.

TUFANYE HESABU

Ndugu mwanakisomo, chukua kalamu na karatasi. Hesabu hii si ngumu.

Kila chupa ya pombe ya kiwandani imeandikwa nguvu yake. Tafuta kwenye karatasi ya chupa alama hii: %. Alama hiyo husomwa asilimia. Maana yake ni sehemu ngapi za pombe tupu zimo katika kila sehemu 100 za kinywaji. Bia nyingi zina asilimia 5 hivi. Konyagi ina asilimia 35. Pombe kali nyingine, kama wiski na vodka, hufika asilimia 40. Gongo haina karatasi, kwa hiyo hakuna anayejua nguvu yake, hata aliyeipika.

Haya, tuanze na bia. Chupa moja ya bia ni mililita 500. Asilimia 5 ya 500 ni 25. Basi chupa moja ya bia ina mililita 25 za pombe tupu.

Sasa chukua chupa kubwa ya konyagi, mililita 750. Asilimia 35 ya 750 ni 262 na nusu. Gawanya kwa 25. Utapata 10 na nusu. Maana yake, chupa moja kubwa ya konyagi ni sawa na chupa 10 na nusu za bia.

Sasa tuchanganye. Mwenye sherehe anamimina chupa hiyo ndani ya ndoo, anaongeza chupa 5 za soda, kila moja mililita 300. Soda peke yake ni mililita 1,500. Jumlisha 750. Jumla ni mililita 2,250. Ukigawa kwa glasi za mililita 300, utapata glasi 7 na nusu. Na ndani ya glasi hizo 7 na nusu zimejificha bia 10 na nusu. Basi kila glasi moja ya hiyo inayoitwa juisi ina pombe ya karibu bia moja na nusu. Glasi 3 zinapita bia 4.

Mama ambaye hajawahi kunywa bia maishani mwake anaweza kunywa glasi 3 siku ya harusi ya mwanawe, kwa sababu kuna joto, amecheza ngoma, ana kiu, na kinywaji ni kitamu. Angeletewa chupa 4 za bia mezani, angekataa na pengine angekasirika. Lakini ndani ya juisi amezinywa zote na hana habari.

Ziko pia pombe za kiwandani ambazo zimetiwa utamu tangu huko zinakotoka. Zina ladha ya kahawa, ya chungwa, ya nazi, au ya krimu ya maziwa. Afrika Kusini wanatengeneza moja kwa tunda la mng'ongo, mti ambao hata hapa kwetu upo. Hiyo ya mng'ongo ina asilimia 17. Inateremka kooni kama maziwa yenye sukari, lakini nguvu yake ni zaidi ya mara 3 ya bia. Anayenunua asome karatasi ya chupa kwanza. Ndiyo faida mojawapo ya kujua kusoma.

INI HALIHARAKISHWI

Pombe ikiingia katika damu, kazi ya kuiondoa ni ya ini. Ini hufanya kazi hiyo polepole, kwa mwendo wake. Kwa watu wengi, pombe ya chupa moja ya bia huchukua kama saa 2 au zaidi kuondoka mwilini. Tazama hesabu yetu tena. Kijana aliyekunywa glasi 3 za mchanganyiko hadi saa 4 usiku, amekunywa zaidi ya bia 4. Mara 2 ni saa 8. Basi bado ana pombe katika damu mpaka saa 12 asubuhi. Naye saa 11 alfajiri anawasha pikipiki kumpeleka abiria stendi.

Watu husema kahawa chungu inaondoa ulevi. Wengine husema maji ya baridi, ndimu, maziwa au supu ya pilipili. Havifanyi hivyo. Kahawa humfanya mlevi awe macho, lakini anabaki mlevi. Ndivyo vinavyofanya pia vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Kijana anajiona mzima, anaongeza glasi, anapanda pikipiki, na mikono yake haimtii. Kinachoondoa pombe ni muda tu.

Na soda nayo ina lake. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya vijiko vya chai 7 au 8. Mtu aliyekunywa glasi 3 au 4 za mchanganyiko amekula sukari nyingi juu ya pombe, na mwili wake haukupata chakula chochote cha maana.

MTOTO NA KIKOMBE CHA MASALIA

Nitaeleza jambo moja ambalo limenifanya niandike. Asubuhi moja baada ya harusi, mama mmoja alimleta zahanati mtoto wake wa kike wa miaka mitano. Mtoto alikuwa wa baridi, anatoka jasho, na haamki. Mama alidhani ni malaria ya kichwani. Tulimpima malaria, hana. Kinywani alinukia machungwa.

Tukampima sukari kwa tone la damu la kidole. Ilikuwa chini sana. Tukampa glukosi kwa njia ya mshipa. Baada ya muda alifumbua macho na kumwita mama yake. Tukampeleka kituo cha afya, akalazwa siku moja, akapona.

Habari yake ilikuwa fupi. Watu wazima walilala alfajiri. Mtoto aliamka mapema na njaa. Akakuta vikombe chini ya turubai, ndani yake kumebaki kitu cha rangi ya machungwa. Akaonja, kikawa kitamu. Akazunguka kikombe baada ya kikombe, akamaliza.

Msomaji utauliza, amekunywa kitu chenye sukari nyingi, mbona sukari ilishuka? Ni swali zuri. Mtoto aliyelala bila kula vizuri hutegemea ini lake limtengenezee sukari ya akiba. Pombe hulizuia ini lisifanye kazi hiyo. Ile sukari ya soda hutumika upesi, kisha haiji nyingine. Ubongo wa mtoto ukikosa sukari, mtoto huzimia, hupata degedege, na anaweza kufa au kubaki na ulemavu. Kwa mtoto mdogo, hata pombe kidogo inatosha kufanya hivyo.

Mama yule hakuwa mzembe. Baba yake hakuwa mlevi. Aliyechanganya kinywaji alikuwa mtu wa heshima, alitaka wageni wafurahi. Kama ingekuwa gongo tupu au konyagi tupu, mtoto angetema tone la kwanza. Utamu ndio uliomponza.

WENGINE WALIO KATIKA HATARI

Wa kwanza ni mama mjamzito. Anachokunywa mama, mtoto tumboni hukipata. Pombe inaweza kuharibu ubongo wa mtoto, akazaliwa mdogo, akakua na shida ya kujifunza. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa ni salama kwa mimba. Mama wengi wajawazito wanajua hivyo na hukataa bia. Lakini anayepewa "juisi" atakataaje?

Wa pili ni mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano ya insulini au vidonge. Kinywaji hiki kwanza humpandishia sukari, kisha usiku, pombe ikilizuia ini, sukari inaweza kushuka ghafla akiwa usingizini. Jirani husema, "Amelewa, mwacheni alale." Kumbe anakufa.

Wa tatu ni mtu anayetumia dawa. Dawa za kifua kikuu hulipa ini kazi kubwa, na pombe huliongezea mzigo. Dawa za kifafa na dawa za usingizi zikikutana na pombe zinaweza kupunguza pumzi mpaka ikakoma. Mtu anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI akilewa husahau saa ya kumeza.

Wa nne ni msichana. Jambo hili lina aibu, lakini lazima lisemwe. Wako watu wanaochagua kinywaji kitamu makusudi, wampe msichana ambaye hajazoea pombe, bila kumwambia kilichomo. Huo si ukarimu, ni hila. Anayemtilia mwenzake pombe bila yeye kujua amemnyang'anya akili yake, na mara nyingi nia yake ni kumnyang'anya na zaidi. Wazazi, waambieni binti zenu na wana wenu pia. Kinywaji ambacho hukuona kikimiminwa, usikinywe.

GONGO NA SUMU ISIYO NA LADHA

Kuna hatari nyingine ambayo utamu huificha. Gongo na pombe nyingine za magendo wakati mwingine huongezwa spiriti ya viwandani na wafanyabiashara wenye tamaa. Ndani ya spiriti hiyo huwamo sumu iitwayo methanoli. Sumu hii huwezi kuitambua kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi. Kuwasha pombe kwa kiberiti na kuangalia rangi ya moto hakutoshi kukuhakikishia usalama. Soda, sukari wala ndimu haviondoi methanoli.

Majirani zetu wamezika watu wengi kwa sumu hii. Mjini Nairobi mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010, wilayani Kabale nchini Uganda, makumi ya watu walikufa. Mwezi wa Mei 2014 yalitokea tena Kenya katika kaunti kadhaa. Februari 2024 yakatokea katika Kaunti ya Kirinyaga.

Sumu hii ina ujanja. Siku ya kwanza mtu huonekana amelewa tu. Dalili mbaya mara nyingi huja baada ya saa 12 hadi 24. Tumbo linauma, anatapika, anahema kwa nguvu, macho yanaona ukungu au weupe. Ukiona dalili hizo baada ya kunywa pombe, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali upesi. Dawa ipo, lakini ni ya hospitali, na humfaa aliyewahi.

WATU HUSEMA

Wako watakaonipinga, na ni haki yao. Tuyatazame maneno yao.

Wengine husema, "Kuchanganya na soda kunapunguza ukali." Kunapunguza ukali mdomoni. Kama mtu angetia kipimo kimoja kidogo cha pombe katika glasi kubwa na kunywa hiyo moja tu jioni nzima, ni kweli angekunywa pombe kidogo kuliko mtu wa glasi tupu. Lakini hivyo sivyo tunavyofanya katika sherehe. Tunamimina chupa nzima katika ndoo, hatupimi, na tunakunywa kwa kiu.

Wengine husema, "Ni dawa ya mafua na ya baridi." Tangawizi, asali na ndimu hutuliza koo. Pombe haiongezi kitu. Hukufanya ujisikie joto kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, lakini ndani mwili unapoteza joto lake.

Wengine husema, "Wakubwa mjini wanakunywa kokteli, kwa nini sisi tusiendelee?" Maendeleo si kuiga glasi ya mtu. Na huko hotelini mhudumu hupima pombe kwa kikombe kidogo cha kipimo, na anayekunywa ameagiza mwenyewe kwa jina. Tukitaka kuiga, tuanze na kipimo na jina.

Wengine watasema, "Serikali ipige marufuku." Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba, ile ya pakiti za plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda nao waliiondoa mwaka 2019. Ilikuwa hatua nzuri, kwa sababu kiroba kilikuwa rahisi, na kijana alikificha mfukoni. Lakini hakuna sheria inayoweza kusimama kando ya kila ndoo katika kila harusi. Hapo ni kazi yetu wenyewe.

Na wako watakaouliza, "Basi unatutaka tuache pombe kabisa?" Kwa afya, ndivyo ilivyo bora. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya. Pombe huleta saratani ya koo, ya ini, ya matiti na nyinginezo. Lakini leo siombi jambo kubwa hivyo. Naomba kwamba anayekunywa ajue anakunywa, na asiyekunywa asinyweshwe.

TUFANYE NINI?

Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini kwetu walikaa katika vikundi kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Waliamua wao wenyewe katika vijiji vyao. Njia ile inafaa hata sasa. Napendekeza mambo haya yazungumzwe katika mkutano wa kijiji.

1. Pombe isitiwe ndani ya ndoo au jagi la juisi. Atakaye kuchanganya achanganye katika glasi yake mwenyewe, kwa kipimo anachokijua.

2. Vinywaji vya watoto na vya wasiokunywa pombe viwekwe meza ya mbali, na mtu mzima asimamie.

3. Pombe isihifadhiwe katika chupa ya soda au ya maji. Na mafuta ya taa na dawa ya mimea vivyo hivyo.

4. Kabla ya kulala, wenye sherehe wateue watu wawili wasiokunywa. Kazi yao ni kukusanya vikombe na kumwaga masalia yote. Kazi hii haichukui hata nusu saa.

5. Chakula kitolewe kabla ya pombe, na maji safi ya kunywa yawepo ya kutosha. Mtu aliyekata kiu kwa maji hanywi pombe kwa kiu.

6. Aliye chini ya miaka 18 asipewe pombe, hata ikiwa tamu namna gani.

7. Kumnywesha mtu pombe bila kumwambia kuhesabiwe kuwa ni kosa, na mhusika aitwe mbele ya wazee na viongozi.

UKIMKUTA MTU AMEZIDIWA

Mlaze ubavu, ili akitapika asipaliwe. Mfunike apate joto. Usimwache peke yake. Usimlazimishe kutapika. Kama hayuko macho, usimnyweshe kitu chochote, si maji, si kahawa, si maziwa. Usimmwagie maji ya baridi.

Mkimbize zahanati au hospitali ukiona mojawapo ya dalili hizi: ukimwita na kumtikisa haamki, anapumua polepole sana au pumzi inakatikakatika, mwili ni wa baridi, midomo au kucha zimekuwa za kijivu au bluu, ana degedege, au anatapika akiwa usingizini. Kama ni mtoto, usingoje dalili yoyote. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari na mlete mara moja. Nasi tuambieni ukweli wa alichokunywa. Hatutauliza ili tumshitaki mtu. Tunauliza ili tujue dawa.

Ndugu msomaji, harusi ni jambo jema. Mgeni kupewa kinywaji ni heshima. Lakini heshima ya mgeni ni kumwambia kilichomo katika glasi yake, na heshima ya sherehe ni kila aliyekuja kurudi kwake akiwa mzima. Msimu wa mavuno unakuja, na turubai zitasimama tena. Kabla ndoo ya kwanza haijajazwa, zungumzeni.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mtu hunywa pombe nyingi zaidi ikiwa imetiwa kitu kitamu?

2. Chupa ya pombe kali ni mililita 500, na nguvu yake ni asilimia 40. Ni sawa na chupa ngapi za bia za mililita 500 zenye asilimia 5?

3. Katika sherehe za kijiji chenu, nani hukusanya vikombe usiku? Masalia huenda wapi?

4. Kati ya mapendekezo 7 yaliyo hapo juu, ni yapi kijiji chenu kinaweza kuanza nayo? Nani atasimamia?